Sura ya Nne: Benki Imeanguka New York, Kahawa ya Kamachumu Inahusikaje?

Septemba 15, 2008 benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ilitangaza kufilisika. Likazuka swali ambalo mpaka leo huulizwa kila dunia inapoyumba: benki ya watu imeanguka huko New York, kahawa yangu ya Kamachumu, Muleba, inahusikaje? Mwaka 2022 swali lilirudi kwa sura nyingine. Vita vinapiganwa Ukraine, mbona petroli ya boti imepanda kisiwani Bumbire?

Jibu la kiuchumi si refu. Robusta, kahawa inayolimwa kwa wingi Bukoba na Muleba mkoani Kagera, bei yake huongozwa na soko la London. Wakaangaji wakubwa wa Ulaya hununua shehena kwa mikopo ya benki. Benki zikiogopa kukopesha, mkaangaji hupunguza oda na kutumia kahawa aliyonayo ghalani. Oda zikipungua, bei ya London inashuka. Msafirishaji wa Tanzania naye anashusha bei anayotoa, chama cha ushirika kinabanwa, na mwisho wa safari yupo mtu aliyeanika kahawa yake ya maganda uani, akaifikisha kwenye mizani na kuambiwa kwamba bei si ile ya wiki iliyopita.

Kinachohitaji maelezo marefu zaidi ni jambo jingine. Mkazi wa Kashai mjini Bukoba au Nshamba wilayani Muleba husikia vichwa vya magazeti kila asubuhi, redio zinapopitia kurasa za mbele. Wengine husimama mbele ya meza ya muuza magazeti na kusoma vichwa bila kununua nakala. Watu hawa hawakosi habari. Iweje basi, baada ya misukosuko kadhaa ya uchumi wa dunia, wengi bado hawaioni kamba inayoifunga London na kibanja chao cha migomba na kahawa?

Sehemu ya jibu imo ndani ya magazeti yenyewe. Habari ya msukosuko wa dunia na habari ya mkulima wa Kagera huchapishwa katika gazeti lilelile, lakini mara nyingi katika kurasa tofauti, kwa majina tofauti, kana kwamba hazijuani.

Fremu ni nini?

Watafiti wa vyombo vya habari hutumia neno "fremu" kueleza namna mwandishi anavyochagua kipi kiingie kwenye habari na kipi kibaki nje. Mtu anayetazama kupitia dirisha linaloelekea ziwani huona maji na mitumbwi. Migomba iliyo nyuma ya nyumba haioni, ingawa ipo. Dirisha halijamdanganya. Limeelekea upande mmoja tu.

Habari yoyote ya msukosuko wa uchumi, iwe ndefu au fupi, hujibu maswali manne hata kama mwandishi hakuyawaza:

1. Tatizo ni nini?
2. Nani amelisababisha?
3. Nani anaumia?
4. Nani analitatua?

Magazeti mawili yanaweza kuwa na takwimu zilezile na yote yakawa yanasema kweli, lakini yakajibu maswali hayo kwa namna mbili zisizofanana. Msomaji wa gazeti la kwanza atamlaumu mfanyabiashara. Wa la pili atalaumu soko la dunia.

Mkanda na walanguzi, 1979 hadi 1984

Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi wa Tanzania ulipigwa na mambo kadhaa kwa mpigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Bei ya kahawa, iliyovuka dola 3 kwa ratili huko New York mwaka huohuo baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil Julai 1975, ilianza kushuka. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapaa kwa mara ya pili katika muongo mmoja. Katikati ya hayo, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka na kuingia Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa.

Magazeti makubwa ya wakati ule yalikuwa na wamiliki wawili. *Uhuru*, lililoanza 1961, lilikuwa la chama tawala. *Daily News*, lililotokana na kuunganishwa kwa magazeti mawili mwaka 1972, lilikuwa la serikali. Shirika la habari, Shihata, lililoanzishwa 1976, nalo lilikuwa la umma. Katika mazingira hayo fremu kuu ilijulikana kabla wino haujakauka: chanzo kiko nje, mzigo ni wetu sote. Vita vilipokwisha, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, alilishambulia Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kujifanya wizara ya fedha ya dunia nzima.

Fremu hiyo ilikuwa na nguvu yake. Iliwaeleza wananchi kwamba kuna dunia huko nje inayopanga bei, jambo ambalo magazeti ya baadaye yaliliacha mara nyingi. Lakini "sisi sote" ilificha tofauti kubwa. Kufunga mkanda kwa karani wa Dar es Salaam hakukuwa sawa na kufunga mkanda kwa familia iliyorudi kaskazini ya mto Kagera ikakuta nyumba haina paa na ng'ombe hawapo.

Kisha mwaka 1983 fremu iligeuka. Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Sasa tatizo lilipata uso wa mtu. Kurasa zikajaa sukari, sabuni na nguo zilizokutwa zimefichwa. Bei ya mafuta haikuwa imeondoka duniani, wala mvutano na Shirika la Fedha haukuwa umekwisha, ila mambo hayo hayapigiki picha. Gunia la sukari lililotolewa stoo linapigika.

Mpakani msako huo ulikuwa na maana ya ziada. Mtu wa Bukoba aliyekuwa akipitisha bidhaa kati ya Tanzania na Uganda, jambo ambalo ukoo wake ulilifanya kabla ya mpaka kuwapo, alihesabiwa pamoja na mlanguzi wa Kariakoo, Dar es Salaam.

*Kwa ufupi:* gazeti lilianza kwa kulaumu dunia, likaishia kumlaumu jirani. Dunia ilikuwa ileile.

Julai 1989: anguko lisilo na picha

Tangu 1962 biashara ya kahawa iliongozwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Kwa lugha nyepesi, nchi zinazolima na zinazonunua zilikubaliana kila mzalishaji auze kiasi fulani tu, ili bei isiporomoke. Julai 1989 wanachama walishindwa kuafikiana mjini London, na mgawo ukasitishwa. Kila nchi ikamwaga kahawa sokoni. Katika miezi michache bei ikaanguka vibaya.

Kwa Kagera hilo lilikuwa tukio zito kuliko kufilisika kwa benki yoyote. Hata hivyo halikuacha kumbukumbu inayolingana na uzito wake. Hakuna jengo lililoungua wala foleni iliyopangwa. Tena bei ya mkulima ilitangazwa kwa shilingi, na tangu 1986 shilingi ilikuwa ikishushwa thamani. Namba iliyoandikwa ubaoni kwenye chama cha msingi ingeweza kubaki palepale, au hata kupanda, huku kilo ileile ya kahawa ikinunua mafuta ya taa kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Gazeti likiandika bei kwa shilingi bila kusema shilingi hizo zinanunua nini, msukosuko unapita katikati ya mistari bila kuonekana.

Mporomoko wa pili ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2001 bei ya wastani ya kahawa duniani ilikuwa chini ya senti 46 za Marekani kwa ratili, na robusta ilikuwa chini zaidi ya hapo. Wakati huo wanunuzi binafsi walikuwa wamesharuhusiwa, na magazeti huru yalikuwa mengi. Msomaji aliyetaka kujua kwa nini bei imekufa alipewa majibu mawili ya haraka: wanunuzi binafsi ni wezi, au ushirika umeoza. Yote mawili yalikuwa na mifano ya kweli. Wanavietnamu, waliopanda robusta kwa kasi katika miaka ya 1990 mpaka nchi yao ikawa ya pili kwa uzalishaji wa kahawa duniani, hawakuwa na mtu wa kuwataja.

2008 na 2009: mtikisiko unapopata mikutano

Lehman Brothers ilipoanguka, magazeti ya Tanzania yalikuwa na kazi nyingine mikononi. Ulikuwa mwaka wa ufisadi. Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Fedha zilizochotwa Benki Kuu katika akaunti ya madeni ya nje (EPA) zilikuwa gumzo la mwaka mzima. Novemba mawaziri wawili wa zamani wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Mhariri wa *Mwananchi*, *Nipashe* au *Majira* aliyekuwa na ukurasa mmoja wa mbele hakuhangaika sana kuchagua. Kesi ya waziri inauza nakala. Bei ya robusta London haiuzi.

Habari za msukosuko zilipopata nafasi, zilipita hatua tatu.

*Hatua ya kwanza ilikuwa "hatuguswi."* Benki Kuu, chini ya Gavana Benno Ndulu, ilieleza kwamba benki za Tanzania hazikuwa zimeweka fedha nyingi katika mikopo mibovu ya Marekani, na kwamba athari zitakuja baadaye kupitia bei za mazao, utalii na misaada. Maelezo hayo yalikuwa sahihi. Lakini yana vipande viwili, na kipande cha kwanza ndicho kinachoingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Mtu anayesikia vichwa tu redioni alibaki na faraja, akakosa onyo.

*Hatua ya pili ilikuwa ya wakubwa.* Machi 2009 Shirika la Fedha la Kimataifa lilifanya mkutano mkubwa Dar es Salaam kuhusu Afrika na msukosuko huo, mkurugenzi wake Dominique Strauss-Kahn akihudhuria pamoja na Rais Jakaya Kikwete. Sasa kulikuwa na picha, hotuba na watu wa kunukuu. Msukosuko ukawa jambo linalotokea kwenye ukumbi.

*Hatua ya tatu ilikuwa ya mabilioni.* Juni 2009, mjini Dodoma, Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya Sh trilioni 1.7. Miongoni mwa mambo yaliyomo ilikuwa kufidia hasara za vyama vya ushirika na kampuni zilizonunua pamba na kahawa msimu wa 2008/09.

Hapo ndipo Kagera ilipokuwa na habari yake. Utaratibu ulikuwa hivi: chama kikuu hukopa benki mwanzoni mwa msimu, kinanunua kahawa ya mkulima kwa malipo ya awali, kinaikoboa na kuiuza, kisha faida ikipatikana kinampa mkulima malipo ya pili. Robusta ilikuwa juu ya dola 2,000 kwa tani London katikati ya 2008, na ikashuka chini ya hapo kabla mwaka haujaisha. Aliyenunua ghali na kuuza rahisi alibaki na deni la benki. Mkulima alibaki akisubiri malipo ya pili.

"Katibu waitu, malipo ya pili lini?" Swali hili, pamoja na "waitu" ya heshima ya Kihaya, limeulizwa katika mikutano ya vyama vya msingi misimu mingi, na katibu mara nyingi hana zaidi ya kusema wasubiri. Si lazima awe anaficha. Gazeti alilosoma Juni 2009 lilimweleza Sh trilioni 1.7 zimetangazwa. Halikumchorea njia ambayo fedha hizo zingepita kutoka Hazina kwenda benki inayodai, na kwamba fidia ikilipa deni la chama, si lazima hata shilingi moja ifike mkononi mwa mwenye kibanja. Miaka miwili iliyofuata mjadala wa mpango huo ulihamia bungeni na kwenye ripoti za ukaguzi, na fremu ikawa ya kawaida: nani kalipwa asichostahili? Swali zuri na la lazima. Ila kwa mara nyingine, bei ya London ilikuwa imetoka kwenye picha.

*Kwa ufupi:* msukosuko ulielezwa kwanza kama wa wengine, kisha kama wa viongozi, kisha kama wa fedha zilizopotea. Mkulima alionekana kwenye orodha ya wanaosaidiwa, mara chache kwenye maelezo ya nini kimemkuta.

Msukosuko mmoja, majina matatu

Si kwamba Bukoba na Muleba hazimo magazetini bei ya dunia inapoanguka. Zimo sana. Zinaingia kwa majina ambayo msomaji wa Dar es Salaam hawezi kuyahusisha na New York au London.

Magendo. Uganda ilifungua biashara yake ya kahawa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bei ya robusta upande ule mara nyingi imekuwa nzuri zaidi, tena kwa fedha taslimu. Bei ya Bukoba inapobanwa, magunia huvuka, kwa barabara za mpakani na kwa mitumbwi usiku. Gazetini hiyo ni habari ya polisi.

Butura. Huu ni utaratibu wa kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Mwenye shida ya ada ya shule au ya matibabu huchukua fedha leo, na mnunuzi atakuja kuchuma msimu ukifika, kwa bei ambayo mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya thamani. Viongozi wa serikali wameipiga vita kwa miaka. Gazetini hiyo ni habari ya wakulima wasiojua hesabu na wachuuzi wasio na huruma. Kwamba msimu uliopita bei mbaya ndiyo iliyoifanya familia iishiwe mapema, hilo halitajwi.

Ubadhirifu wa ushirika. Malipo ya pili yasipokuja, mtuhumiwa wa kwanza ni kiongozi wa chama. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipite kwenye vyama vya ushirika, na lawama za malipo zikafuata. Msimu huohuo bei ya robusta London ilikuwa ikishuka. Inawezekana kabisa chama kikawa na uongozi mbovu na soko likawa baya kwa wakati mmoja, na mkulima akastahili kuelezwa ni kiasi gani cha hasara yake kimetoka wapi.

Chukua tukio la kubuni, lakini la aina inayojulikana. Usiku mmoja mtumbwi wenye magunia 20 ya kahawa ya maganda unakamatwa karibu na Bukoba ukielekea Uganda. Aya ya kwanza ya habari inaweza kuandikwa hivi:

- *Ya polisi:* Watu watatu wanashikiliwa mkoani Kagera kwa tuhuma za kutorosha magunia 20 ya kahawa kwenda Uganda.
- *Ya mkulima:* Baadhi ya wakulima wa Bukoba wameanza kuuza kahawa kwa njia za panya baada ya kusubiri malipo ya pili kwa miezi mitano.
- *Ya soko:* Pengo la bei ya robusta kati ya Bukoba na Masaka, Uganda, limefika Sh800 kwa kilo, na kahawa imeanza kuvuka mpaka.

Hakuna aya ya uongo kati ya hizo tatu. Ya kwanza inaisha mahakamani. Ya pili inaishia ofisi ya ushirika. Ya tatu inampeleka mwandishi kuuliza kwa nini pengo lipo, na akiuliza vya kutosha atafika London. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni ile ya kwanza.

Kwa nini inakuwa hivyo?

Rahisi kusema waandishi ni wavivu. Ukweli ni kwamba kazi yenyewe imepangwa hivyo.

Waandishi wengi wa mikoani si waajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na ikikataliwa wamekula hasara. Kwenda kisiwa cha Goziba kuzungumza na wavuvi ni gharama ya boti, chakula na malazi. Kumsikiliza Mkuu wa Mkoa au Kamanda wa Polisi akitoa taarifa ni mwendo wa bodaboda, na habari inakuja ikiwa imekamilika: msemaji yupo, namba zipo, picha ipo. Mwandishi mwenye familia atachagua nini?

Katika vyumba vya habari vya Dar es Salaam, habari za uchumi wa dunia hutoka kwa mashirika ya kimataifa kama Reuters na AFP. Anayezitafsiri anakaa dawati moja, anayehariri habari za mikoa anakaa jingine. Kurasa zao zinakutana kiwandani, zinapochapwa. Aliyetafsiri habari ya London hana namba ya simu ya Kamachumu, na aliyeandika kutoka Bukoba hakuombwa aangalie bei ya London.

Umiliki nao una uzito. *HabariLeo*, lililoanza Desemba 2006, ni la serikali. *Uhuru* ni la chama tawala. *Mwananchi* ni la kampuni tanzu ya Nation Media Group ya Kenya. Mmiliki hahitaji kupiga simu kila siku; mhariri anajua ni nani atakayeuliza maswali kesho. Gazeti la serikali huvutwa kuelekea habari ya hatua zilizochukuliwa, na gazeti binafsi kuelekea habari ya nani kakosea. Zote mbili zinaangalia Dodoma.

Ziwani hesabu ni nyingine

Mvuvi wa sangara wa visiwa vya Muleba yuko karibu na soko la dunia kuliko anavyofikiriwa. Minofu ya samaki wake huliwa Ulaya, na mabondo, yaani kibofu cha hewa cha sangara, husafirishwa mpaka Asia ya Mashariki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, bei iliporomoka kwenye mialo ambayo haikuwahi kuonana na mkaguzi yeyote wa Ulaya. Fremu kuu ilikuwa ya uvuvi haramu: wakosaji wachache wametuponza. Haikuulizwa sana ni nani anayebeba hasara ya aliyevua kihalali.

Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya mafuta. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari, bei zilipanda kila mahali. Nchini Tanzania bei kikomo za mafuta hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na Mei 2022 petroli ilifika Sh3,148 kwa lita Dar es Salaam. Hiyo ndiyo namba iliyosomwa redioni nchi nzima. Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi uliofuata. Magazeti yaliandika sana kuhusu nauli za daladala na bodaboda, na hilo lilistahili.

Lakini jedwali la EWURA ni refu kuliko kichwa cha habari. Lina bei ya kila wilaya, na kadiri wilaya ilivyo mbali na bandari ndivyo namba inavyokua. Wilaya za Kagera huwa miongoni mwa zenye bei za juu kabisa. Kyerwa imewahi kuongoza nchi nzima. Tena hiyo ni bei ya kituo cha mafuta. Dumu la lita 20 lingegharimu Sh62,960 kwa bei ile ya Dar es Salaam. Kufika mwaloni Goziba limeongezewa gharama ya gari la kutoka bandarini, ya boti, na faida ya kila aliyelishika njiani. Mvuvi anayewasha mashine kila usiku hupiga hesabu ya dumu hilo kabla ya kushusha nyavu, na samaki asipopatikana deni linabaki kwa mwenye duka au mwenye boti.

Habari ya aina hiyo haihitaji mtaalamu wa uchumi. Inahitaji mwandishi asome jedwali lote.

*Kwa ufupi:* namba ya taifa kwa kawaida ni namba ya Dar es Salaam. Msomaji wa Kagera anahitaji namba yake.

Bei inapopanda

Fremu hujitokeza vizuri zaidi mambo yanapokuwa mazuri. Mwaka 2024 ukame ulipunguza mavuno ya Vietnam, na robusta ikavuka dola 5,000 kwa tani London, bei ambayo soko hilo halikuwa limeiona kwa miongo kadhaa. Kagera, ambako mauzo kwa minada yalikuwa yameanzishwa, wakulima walipata fedha ambazo wazee wao hawakuzishika.

Sifa nyingi zilikwenda kwa mageuzi ya serikali na mfumo wa minada. Mnada wa wazi kweli humsaidia mkulima kupata sehemu kubwa zaidi ya bei iliyopo. Hauwezi, hata hivyo, kuleta ukame Vietnam. Msomaji anayeambiwa kwamba bei imepanda kwa sababu ya viongozi wake atakuwa na haki ya kuwalaumu haohao ikishuka, na wao watakuwa wa kwanza kumkumbusha kwamba bei hupangwa London.

Maswali ya kuuliza gazeti

Msomaji hawezi kubadilisha chumba cha habari, lakini anaweza kusoma kwa kudadisi. Akikutana na habari ya uchumi, maswali haya yanafaa:

1. *Namba hii ni ya wapi?* Ya Dar es Salaam, ya taifa, au ya wilaya yangu?
2. *Ni ya kahawa gani?* Bei ya arabika haimhusu moja kwa moja mwenye robusta, na kilo ya maganda si kilo ya kahawa iliyokobolewa.
3. *Nani amezungumza?* Katika waliotajwa, yupo hata mmoja aliyepata au kupoteza fedha zake mwenyewe?
4. *Wiki hiyohiyo London ilikuwaje?* Bei ya robusta hutafutwa kwa simu kwa dakika moja, kisha hulinganishwa na ya mnadani.
5. *Uganda wanalipa ngapi?* Bei ya ng'ambo ikiwa juu siku hiyohiyo, sababu ya kubanwa iko upande wetu. Zikiwa zimeshuka zote mbili, sababu iko mbali zaidi.

Mtihani wa kwanza wa maswali haya ulikuja upesi. Februari 2025 robusta ilifika takriban dola 5,800 kwa tani, kisha ikaanza kushuka, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi moja. Huo ndio wakati uchumaji unapokuwa umeanza Bukoba na Muleba. Aliyekuwa akilinganisha bei ya mnada ya wiki hiyo na ya London aliweza kujua ni kiasi gani cha pungufu kimetoka sokoni, na kama kuna kilichobaki, akawa na swali mahususi la kumpelekea katibu wa chama chake.